Kitambaa cha Staha

Mwenye kukaa na akae vizuri, na mwenye haraka apite zake kwa heri, kwa maana habari za nchi ya Sitirini hazisikilizwi mtu akiwa na mguu mmoja nje. Nchi hiyo ilipakana na Milima ya Ukimya upande wa kaskazini na Mbuga ya Labda upande wa kusini, na kwa mashariki ilitengwa na nchi ya Bayana kwa mto mpana uitwao Haya, ambao Wasitiri wachache mno walithubutu kuuvuka. Ardhi yake ilikuwa na rutuba, nyumba zake zilipakwa chokaa kila mwaka, na adabu za watu wake zilisifiwa na kila mgeni aliyepita bila kulala. Aliyelala aliona mengine. Kanuni yao kuu ilikuwa kwamba jambo baya lisilosemwa halikutendeka. Ukuta ukipasuka walitundika zulia. Kisima kikiingia uchafu walikipa jina jipya. Na mkubwa akikosa, wenziwe walimzunguka wakamsifu kwa sauti kuu mpaka kosa lenyewe lisisikike. Funika kombe mwanaharamu apite, wenzetu husema kwa mzaha. Wao waliichonga juu ya mlango wa baraza la utawala, na kila liwali aliyekikalia kiti kile aliitwa Funika, awe mwema au awe mwovu.

Fahari ya nchi ilikuwa Darushifaa, nyumba ya uponyaji, jengo la mawe meupe lenye ngazi pana na milango mirefu, na juu ya wote waliotibu humo alikuwapo Tabibu Mkuu Hakosei bin Sifa. Alikuwa msomi, hilo halikanushiki, na mikono yake iliwaokoa wengi; lakini mtu anayeitwa Hakosei asubuhi na jioni tangu ujana wake mwisho huamini kuwa ni sifa yake, si jina lake.

Ada mbili zilishikwa pale kwa ukali kuliko ibada. Ya kwanza ilikuwa kitambaa cha staha. Kila mgonjwa aliyevuka kizingiti cha Darushifaa alifungwa mdomo kwa kitambaa cheupe, fundo likakazwa kisogoni, na tangu hapo hadi apone au afe hakuwa na ruhusa ya kutamka neno. Hoja yao, wenyewe waliiita ya kitaalamu, ilikuwa kwamba maneno ya mgonjwa ni sehemu ya ugonjwa wake, na tabibu akiyasikiliza elimu yake huingia doa. "Shamba halimwambii mkulima pa kulima," walisema, nao walijiona wamesema kitu kizito. Jamaa za mgonjwa waliachwa nje ya lango, wakapewa maji ya kunywa, wakausiwa subira.

Ada ya pili iliitwa shukurani, na hii, jamani, ndiyo inayoniwashia moto kifuani kila niisimuliapo. Mgonjwa akifa, siku ya kuanua tanga jamaa zake walijitwika sinia la halua pamoja na mrashi wa marashi, wakaenda mpaka ngazi za Darushifaa, wakasema kwa pamoja, "Tumepokea. Mkono wako hauna lawama." Naye tabibu akajibu, "Ilikuwa siku yake." Halua ikaliwa, marashi yakanyunyizwa, watu wakaagana kwa kupeana mikono, na kilichomuua marehemu kikazikwa pamoja naye. Basi watu walikufa kwa kosa lile lile, mwaka huu na mwaka ujao, mjomba na mpwa, na kila mara kosa hilo liliandaliwa sinia.

Katika mtaa wa Washonaji aliishi mjane mmoja aliyeitwa Hadhari binti Makini, mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na uzi uliolegea. Kazi yake ilikuwa kupinda vitambaa vya staha. Hakuna aliyemfikia kwa upindo, na mwenyewe alijivunia kwamba kitambaa cha mkono wake hakiraruki hata mgonjwa akivute vipi. Alikuwa na binti mmoja tu, Amana, na katika ukoo wao mlikuwa na udhaifu mmoja waliorithishana mama kwa mwana: ile dawa nyekundu ya homa iitwayo Faraja, ambayo Wasitiri wote waliinywa wakapona, kwao ilikuwa sumu. Tone likigusa ulimi, koo hufura na pumzi hukata. Hadhari mwenyewe aliponea chupuchupu utotoni, na Amana naye, alipolamba kidole alichokichovya humo kwa utundu, aliokolewa na Mungu tu. Walilijua jambo hilo nyumbani mwao kama wanavyolijua jina lao.

Amana akaolewa na kijana mpole aliyeitwa Ridhaa, akazaa binti, na siku chache baada ya uzazi akashikwa na homa kali. Ridhaa akamkimbiza Darushifaa, kama alivyofanya kila mume mwema wa Sitirini. Hadhari alipopata habari aliacha sindano ikining'inia kwenye nguo, akatoka mbio, lakini alipofika lango lilikuwa limefungwa.

"Bawabu, ndugu yangu, nina neno moja tu la kumpelekea tabibu," alisema huku akihema.

"Neno la mgonjwa halipiti hapa, mama," alijibu bawabu, "seuze la mama wa mgonjwa."

"Asipewe Faraja. Basi. Mwambie hivyo tu, nami nitakaa kimya mpaka kiama."

Bawabu akacheka. "Mimi nikamfundishe Tabibu Hakosei kazi? Umeamka salama wewe leo? Chukua maji, kaa kivulini, uwe na subira."

Hadhari aligonga lango mpaka viganja vikavimba. Jua lilipoanza kushuka walimtolea mwanawe amefunikwa shuka.

Ni yeye aliyemwosha. Aliona midomo iliyofura, aliona shingo iliyojaa, aliona kucha zilizovunjika kwa kung'ang'ania fundo. Na kitambaa chenyewe kilikuwa bado kimemzunguka Amana shingoni. Hadhari alikigeuza akatazama upindo. Ulikuwa mkono wake. Alilia kilio ambacho majirani walikuja kukituliza kwa heshima, wakimwambia afunike mdomo, watu wasije wakasikia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu wa mzazi aliyekishona mwenyewe kizibo kilichomziba mwanawe sijui aujuaye ni nani.

Siku ya kuanua tanga ilipowadia, Ridhaa alibeba sinia kichwani, macho mekundu, na ukoo wote ukamfuata mpaka kwenye ngazi nyeupe. Tabibu Hakosei akatokea na kilemba chake na wanafunzi wake. Wafiwa wakasema, "Tumepokea. Mkono wako hauna lawama." Sauti moja ilikosekana. Kabla tabibu hajajibu, Hadhari alipanda ngazi, akasimama mbele yake, akamwuliza kwa sauti yake ile ya chini:

"Mlimpa nini mwanangu?"

Salaala! Mrashi ulimponyoka mtu, ukavunjika. Tangu Sitirini iwe Sitirini, hakuna aliyewahi kuuliza kwenye ngazi zile. Watu waliziba masikio ya watoto wao. Tabibu Hakosei aligeuka akaingia ndani bila kugusa halua, na kabla ya adhuhuri askari wa liwali walikuwa wamemshika mama wa watu kwa kosa la utovu wa shukurani.

Kesi ilisikilizwa mbele ya Kadhi Suluhu, mzee mwenye sura ya huruma, aliyependa amani kwa namna ambayo wapenda haki huipenda haki.

"Hadhari binti Makini," alisema kadhi, "umeshitakiwa kwa kumnyima shukurani mtu aliyehangaika na mwanao. Una utetezi gani?"

"Mheshimiwa Kadhi, sina utetezi, nina swali, na ndilo lile lile. Mwanangu alipewa nini?"

Barazani watu waliguna. Tabibu Hakosei akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mheshimiwa, mimi simchukii mama huyu, msiba humtoa mtu akilini. Lakini tufikiri. Leo ataulizwa Hakosei, kesho watachunguzwa wote. Tabibu akianza kuwajibu wafiwa, nani atabaki na imani? Na mgonjwa asiye na imani hufa upesi. Ninanyamaza kwa faida yao, si kwa faida yangu."

"Mheshimiwa Tabibu," Hadhari alijibu, "sikuja kukuvua kilemba. Sitaki damu yako wala aibu yako. Nina mjukuu wa kike, mchanga, na mwili wake ni wa mama yake. Siku moja ataugua, maana nani asiyeugua? Ataletwa kwako, atafungwa mdomo, atapewa kikombe kile kile. Niambie ulichompa Amana, kisha uwaambie wanafunzi wako, na umwache kila mgonjwa aseme kinachomdhuru kabla hajafungwa. Mtoto huyu aishi. Sina haja nyingine na wewe."

Kadhi Suluhu aliona kuwa maneno yale yalikuwa ya haki, na hilo ndilo lililomtisha. Alijifuta jasho, akatoa hukumu:

"Baraza hili halisemi kwamba tabibu amekosa, wala halisemi kwamba mama huyu ameongopa. Linasema kwamba utulivu wa nchi ni bora kuliko yote mawili. Hadhari avushwe mto Haya, akae huko hata ulimi wake upoe."

Watu waliisifu hukumu ile kwa upole wake. Ridhaa alimfuata mama mkwe wake mpaka ukingoni mwa mto akiwa na mtoto mikononi.

"Mama, mchukue wewe," alisema bila kumtazama usoni. "Mimi nitaoa tena, na huyu hatapata wa kumwangalia. Unisamehe, mama. Nilisema walichosema wote."

"Nilikusikia, mwanangu. Ulisema mkono wake hauna lawama." Akampokea mtoto, akamfunga mgongoni. "Huyu ataitwa Kauli."

Bayana haikuwa pepo. Hilo nalisema mapema, maana wasimulizi wengine wakivusha mtu mto humwaga asali. Nyumba zake zilikuwa na nyufa zinazoonekana, watu wake walikuwa wabishi, na huko nako watu waliugua wakafa. Lakini Kauli alipopatwa na homa yake ya kwanza, na Hadhari akambeba akitetemeka mpaka mlangoni mwa tabibu wa kule aliyeitwa Kiri, mambo yalikwenda kinyume cha yote aliyoyazoea. Tabibu Kiri alikaa kwenye kigoda, akamtazama, akasema:

"Mama, mimi nimeonana na mtoto huyu leo, wewe umelala naye tangu azaliwe. Niambie kinachomdhuru."

Hadhari alifungua kinywa. Alilia kwanza. Kisha akasema neno moja, Faraja, na tabibu akakisukuma mbali kikombe chekundu kilichokuwa tayari mezani, akachukua kingine, kana kwamba hilo si jambo la ajabu hata kidogo. Mtoto akapona. Ilikuwa rahisi hivyo, na urahisi wake ndio uliomkata maini.

Akakaa Bayana akishona mapazia, akijifunza. Aliona jinsi kila aingiaye kwa tabibu alivyoulizwa jina lake hata kama anajulikana mtaa mzima. Aliona jinsi mgonjwa alivyotajiwa dawa kabla ya kuinywa, na alivyokuwa na haki ya kusema ngoja. Na siku moja alimwona Tabibu Kiri akienda kwenye nyumba ya msiba, akavua viatu, akakaa mkekani miongoni mwa wafiwa, akasema, "Kijana wenu nimemkosea. Nilidhani tumbo, kumbe moyo." Baba wa marehemu alimrushia sahani, ikampasua paji. Tabibu hakuondoka. Siku ya pili aliwakusanya matabibu wote wa mji, bandeji kichwani, akawaeleza alichokosea, na kosa lile halikuonekana tena kule. Mficha maradhi kilio humfichua, na Wabayana walikuwa wamechoka na vilio.

Angeweza kukaa huko mpaka kufa. Lakini kila aliposikia habari kutoka ng'ambo kwamba fulani bin fulani wa Sitirini ameshukuriwa, usingizi ulimruka. Kauli alipokuwa mkubwa wa kutunga uzi kwenye sindano, Hadhari alimshika mkono, wakavuka mto Haya kurudi, wala hakuna aliyewazuia, maana kumzuia kungekuwa kuitaja tena kesi ile.

Hapo ikaanza kazi aliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe, nayo haikuwa kazi ya kupigiwa vigelegele. Alikwenda visimani, akaenda kwenye ngoma za harusi, akaenda hata kwenye matanga, mahali ambapo hakutakiwa kabisa, akawaambia watu mambo yale yale: sema jina lako kabla hawajakufunga; sema kinachokudhuru; uliza unachopewa; na akifa wako, usipeleke halua, peleka swali. Walimwita Bi Maswali. Walimwita mchuro, kwamba akipita penye mgonjwa huleta kifo. Wenye mitaa walimkatalia nyumba za kupanga, na washonaji wenzake, ambao sasa walipinda vitambaa badala yake, walimwambia anawaharibia soko. Ridhaa alikuwa akimwona mbali anapinda kona.

"Bibi, kwa nini hatuachi?" Kauli alimwuliza siku moja walipofukuzwa harusini kwa kumwagiwa maji ya vyombo.

"Tukiacha, wewe siku moja utaugua," alijibu Hadhari, akikamua kanga yake. "Basi bora tuloe leo."

Maji hayagandi milele. Walio na msiba mbichi walianza kumsikiliza, kwanza kwa siri, kisha kwa nusu siri, na kwa Wasitiri hiyo ilikuwa hatua kubwa. Baadhi yao wakaanza kukataa kufungwa midomo. Wengine wakafia majumbani mwao kwa kuliogopa lango. Ngazi za Darushifaa zikaanza kuota nyasi. Liwali Funika aliyekuwapo wakati huo akaona aibu inanukia, akamwita Tabibu Mkuu Hakosei, mzee sasa, akamwambia atafute dawa ya jambo hilo.

Na akaipata. Lo! Aliipata dawa mzee yule, na katika tiba zake zote hakuna iliyofanikiwa kuliko hiyo.

Ikatangazwa siku ya mageuzi. Uwanja ukajaa, ngoma zikalia, na Hadhari akaketishwa kwenye kiti cha nakshi mkono wa kuume wa liwali. Kauli alikuwa nyuma yake, amemshika bega. Liwali akasimama akasema kwamba Sitirini imesikia, kwamba Sitirini si nchi ya viziwi, na kwamba tangu leo haki ya mgonjwa kusema imetiwa katika sheria na jamaa nao wamepewa saa yao ya kusema. Watu wakashangilia. Hadhari akamfikiria Amana. Kisha mtumishi akaleta sinia lililofunikwa, liwali akalifunua, akainua juu kitambaa cheupe cha hariri, chenye uzi wa dhahabu uliofumwa kwa ustadi mkubwa katikati, mahali pa mdomo. Nakshi ile ilisomeka: SEMA.

"Hiki," alisema liwali, "ndicho Kitambaa cha Hadhari. Kila mgonjwa wa nchi hii atafungwa nacho, ili ajue kwamba ana haki."

Vifijo vilipasua anga. Tabibu Hakosei alikuja akamwinamia yule mama aliyefukuzwa nchini kwa ajili yake, akamvika joho, akamwita Mama wa Wagonjwa. Kilemba cha ukoka kilikuwa hicho. Hadhari alikishika kitambaa, akakigeuza kutazama upindo kwa mazoea ya zamani, akaona ni kazi safi, haitararuka.

"Mheshimiwa Liwali," alisema, na sauti yake ya chini haikufika hata safu ya pili, "mmeandika neno la kusema juu ya kizibo cha mdomo."

"Amesema nini?" waliuliza watu wa mbali.

"Anashukuru," walijibu wa karibu, nao walisema hivyo kwa nia njema, maana walimwona analia.

Miaka ikapita. Hadhari hakuliweka mwilini lile joho hata siku moja. Alilifumua akashonea mto wa kulalia. Aliendelea kuzunguka, lakini sasa ilikuwa taabu zaidi, kwa kuwa zamani watu walimpinga na sasa walimkubali. Alipowaambia wakatae kufungwa, walimjibu kwa mapenzi, "Lakini mama, si ndicho kitambaa chako?" Walimbusu mkono wakaendelea na safari zao. Alimwambia Kauli kwamba heri maji ya vyombo.

Siku moja asubuhi, akiwa sokoni peke yake, kwa maana Kauli alikuwa ameitwa vijiji vya mbali kufundisha, homa ilimwangusha kati ya mafungu ya mchicha. Wauza mboga walimjua. "Mama wa Wagonjwa!" walipiga ukunga, wakamwinua kwa heshima zote, vijana wakapokezana kumbeba, naye akawaomba wampeleke nyumbani, jamani nyumbani, lakini nani ampeleke nyumbani mtu mkubwa kama yule? Walimpeleka Darushifaa mbio. Mlangoni, kabla hajamaliza kusema jina la dawa, alifungwa kile cha hariri, kile bora, kilichowekwa kwa wageni wa heshima.

Tabibu aliyemhudumia alikuwa mpya, jina lake Majuto, kijana mwenye moyo safi aliyelelewa akisikia sifa zake. Alikuja na kikombe chekundu kwa mikono miwili. Hadhari alitikisa kichwa. Alipoona hilo halitoshi aliinua kidole akagonga kitambaa mdomoni, akakipitisha juu ya herufi za dhahabu, moja baada ya nyingine, akimtazama kijana yule machoni, akairudia tena herufi ya kwanza. Sema. Niache niseme. Katika ndoto zake alikuwa amemwona Amana mara nyingi akihangaika hivyo, na sasa alijua jinsi fundo linavyokuwa upande wa ndani.

Macho ya Tabibu Majuto yalilengwa na machozi. "Tazameni," aliwaambia wenziwe taratibu, "hata katika hali hii anajivunia kazi yake." Akamshusha kitambaa kidogo kwa adabu, kiasi cha kupitisha kijiko, wala hakumpa nafasi ya pumzi.

Kauli, aliyepata habari akiwa njiani kurudi, alifika langoni na vumbi la safari. "Msimpe Faraja!" alipiga kelele. "Jamani, bibi yangu msimpe Faraja!"

"Binti, punguza sauti," bawabu alimwambia kwa upole. "Haki ya jamaa kusema ipo, nani anaikataa? Ila saa yake ni baada ya tiba. Ndiyo sheria ya bibi yako mwenyewe."

Walimtolea akiwa amefunikwa shuka. Kauli ndiye aliyemwosha, akaona alichosimuliwa tangu utoto wake.

Mazishi yalikuwa ya serikali. Na ilipofika siku ya kuanua tanga, liwali aliona fahari kusimamia shukurani yeye mwenyewe: sinia lilibebwa na watu wanne, halua ilikuwa ya lozi na zafarani, na nyuma yake nchi nzima ilikuja, pamoja na wafiwa wengine wa siku hiyo waliokuwa na masinia yao madogo, wakingoja zamu. Hakosei aliletwa ngazini ameshikwa kwapa na wanafunzi wake. Liwali akatoa ishara. Umma ukasema, "Tumepokea. Mkono wako hauna lawama."

Kauli akapanda ngazi.

"Mlimpa nini bibi yangu?"

"Ilikuwa siku yake," alijibu Hakosei, kwa sauti iliyochakaa.

"Hilo si jibu, mzee wangu. Sikuuliza siku. Nimeuliza mlimpa nini."

Hapo Tabibu Majuto alitoka katika safu ya wanafunzi. Uso wake ulikuwa umepauka. "Faraja," alisema. "Nilimpa Faraja, kwa mkono huu. Alikuwa akinikataza, nami sikuelewa. Nimemuua Bi Hadhari."

Neno la namna ile lilikuwa halijawahi kusemwa juu ya ngazi zile, na halikusemwa mara ya pili. Wenziwe walimrukia, si kwa ukatili, bali kwa upole wa Sitirini, wakisema amechoka, amezidiwa, msiba umemtoa akilini. Mmoja akachomoa kitambaa mfukoni, cheupe, chenye dhahabu katikati, wakamfunga mdomo, wakamwingiza ndani. Kauli alimwona akigeuza kichwa kumtafuta, na neno SEMA liking'aa usoni pake, kabla mlango haujafungwa.

Liwali akakohoa. Akawaashiria wapiga ngoma. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, mjane wa juzi, ambaye hakuna aliyemjua jina, alilishusha sinia lake, akaliweka kwenye ngazi, akaangalia mlango.

"Na wangu?" aliuliza. "Wangu mlimpa nini?"

Mzee wa nyuma yake naye akashusha lake. Kisha mwingine. Hawakupiga kelele, hawakujua, hawakuwa wamewahi. Waliuliza kila mmoja kwa zamu yake, kama walivyofundishwa kushukuru, wakitaja majina ya watoto, ya waume, ya dada, na kila jina lililifuata lile la kwanza mpaka kwenye mlango ule mrefu. Ridhaa alikuwa miongoni mwao, mvi kichwani, hana sinia. Alipofikiwa alishindwa kutaja jina, akabaki amesimama.

Mlango haukufunguliwa. Liwali aliondoka kitini pake, ngoma zikanyamaza, jua likapanda. Waliouliza walikaa chini kwenye mawe yenye moto kusubiri jibu, Kauli akiwa mbele yao, na wapo wanaosema wamekaa pale mpaka leo. Halua ililainika katika masinia, ikatiririka ngazi hadi ngazi, na shukurani ya Sitirini siku ile ililiwa na sisimizi.